Mikono ya bikizee wa Worpswede

Jumamosi nilishuka treni Bremen, Ujerumani, saa nne asubuhi, manyunyu yakinidondokea, nikaenda moja kwa moja mtaa wa Böttcherstraße. Pale pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1927 kwa ajili ya Paula Modersohn-Becker. Ndiyo ya kwanza duniani kujengwa kwa heshima ya mchoraji mwanamke.

Nilimfuata bikizee mmoja. Paula alimchora mwaka 1907 huko Worpswede, kijiji cha kinamasi ambako watu walikata udongo mweusi, wakaukausha, wakauuza mjini kama kuni. Bikizee aliishi nyumba ya maskini, na wanakijiji walimwita Miguu Mitatu kwa ule mkongojo wake. Kwenye picha ameketi bustanini katikati ya maua mekundu, kaijaza turubai yote. Rangi ni nzito, hazing'ai. Na ile mikono! Mikubwa, imetulia mapajani, imeshika ua moja refu.

Paula huhesabiwa kati ya watangulizi wa ekspreshonizimu Ujerumani, wachoraji waliokuza rangi na maumbo ili kitoke wanachokihisi, si kile tu macho yanachokiona. Wachoraji wengine wengi waliwachora wakulima ili tuwahurumie, au ili kijiji kipendeze ukutani. Yeye amemkalisha fukara huyu kama malkia anayepokea wageni. Hapo ndipo ninapompenda. Alifariki Novemba mwaka huohuo, na umri wa miaka 31, wiki kama tatu tu baada ya kujifungua binti. Miaka 30 baadaye Wanazi waliziondoa picha zake kwenye makumbusho, wakaziita sanaa iliyooza.

Nilisimama pale mpaka mlinzi akapita mara ya tatu.

Nilikuwa namuwaza bibi. Mwaka juzi nilipokwenda Lushoto kumuaga, nilimkuta shambani anachimba viazi, udongo umejaa kwenye nyufa za vidole. Nikatoa simu nimpige picha. Nikamwambia, "Bibi, nawa kwanza, halafu vaa ile kanga mpya niliyokuletea."

Akaitazama mikono yake, akanitazama mimi. "Kwani hii ina nini, mjukuu wangu?"

Lakini alikwenda kunawa. Picha ninayo hadi leo: amesimama wima kando ya mlango, kanga ingali na mikunjo ya dukani, na mikono ameificha ndani yake.