Uzoefu Wangu wa Kubadili Mazoea na Zana za Uandishi

Kwa miaka mingi niliandika kwa namna moja tu: rasimu ya kwanza kwa kalamu kwenye daftari, kisha kuichapa kwenye kompyuta, kisha kuihariri papo hapo mpaka niridhike. Kila kitu cha kitabu, tangu rasimu iliyochapwa hadi kurasa zilizopangwa tayari kwa msomaji, kilikaa ndani ya faili moja. Utaratibu huo ulinitosha nilipokuwa nikiandika hadithi fupi. Nilipoanza kuandika riwaya na kuzichapisha mwenyewe, ulinielemea, kwa sababu mwandishi wa kujitegemea hana mchapishaji wa kumtafutia mhariri, msanifu wa kurasa na msahihishaji wa prufu. Kazi hizo huzifanya mwenyewe au huzisimamia mwenyewe, na kila moja inadai utulivu wa aina yake.

Jambo la kwanza nililoamua halikuhusu zana yoyote. Niliamua kwamba sitabadilisha chochote mswada ukiwa katikati. Badiliko lolote lingesubiri kipindi cha mapumziko baina ya kazi moja na nyingine, tena lingeingia moja baada ya jingine, ili kazi ikienda vizuri au ikikwama niweze kujua sababu. Nausisitiza uamuzi huu kwa kuwa naamini ndio uliofanikisha yote yaliyofuata. Kujifunza programu mpya kunafanana mno na kazi, na kunachosha kama kazi, ilhali mwandishi anaweza kumaliza juma zima akipanga rangi za skrini na njia za mkato za kibodi bila riwaya yenyewe kusogea hata aya moja.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa kuivunja ile faili moja. Sasa kila tukio la riwaya lina faili yake ya maandishi matupu, yaani faili isiyobeba chochote ila herufi, bila mapambo ya fonti wala kando za ukurasa. Majina ya faili huanza kwa tarakimu zenye nafasi kati yake: 010, 020, 030, na kuendelea. Nikigundua kwamba kati ya tukio la pili na la tatu panahitajika jingine, naliita 025, na kompyuta inalipanga mahali pake bila kugusa mengine. Nikitaka kuhamisha tukio zima kutoka sura ya nne kwenda sura ya saba, nabadilisha tarakimu tu. Hapo awali uhamisho wa namna hiyo ulikuwa wa kukata na kubandika katika hati ndefu, huku nikihofia kuacha nyuma aya iliyopotea njia. Wepesi huu umenipa ujasiri wa kujaribu mipangilio ambayo zamani nisingeijaribu, na riwaya yangu ya hivi karibuni inaanzia mahali ambapo rasimu ya kwanza ilikuwa inaishia.

Kwa alama chache zinazohitajika ninatumia Markdown, mfumo aliouanzisha John Gruber mwaka 2004. Kichwa cha sura hutanguliwa na alama ya #, na maneno ya italiki huzungushiwa nyota. Mswada ukikamilika, programu iitwayo Pandoc, ambayo John MacFarlane aliitoa mwaka 2006, huziunganisha faili zote na kuzigeuza kuwa hati ya docx, yaani ya programu ya Word, kwa ajili ya mhariri au kitabu cha kielektroniki cha EPUB kwa ajili ya msomaji. Kilichonivutia zaidi ni kuelewa kilichomo ndani ya EPUB. Ni kifurushi kilichobanwa, na ndani yake mna kurasa zilizoandikwa kama kurasa za tovuti, pamoja na maelekezo ya mwonekano. Msomaji anaweza kuongeza ukubwa wa herufi, kubadili fonti au kupanua kando, na maandishi yakajipanga upya. Kwa kitabu cha namna hiyo, kupanga mistari kwa mkono au kusukuma kichwa cha sura chini ya ukurasa kwa kubonyeza kitufe cha kuanza mstari mpya hakuna faida yoyote. Kinachodumu ni muundo: hiki ni kichwa, hii ni aya, hapa tukio linakwisha. Tangu nilipolielewa hilo, nimeacha kabisa kushughulikia sura ya ukurasa wakati wa kuandika, na utulivu nilioupata katika rasimu ya kwanza umekuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia.

Baadaye nilijaribu kuandika kwa sauti. Mikono ilikuwa imeanza kuuma kwa kukaa muda mrefu kwenye kibodi, na nilifahamu kwamba mwandishi wa riwaya Henry James, mwishoni mwa miaka ya 1890, alianza kumtamkia mpiga chapa riwaya zake kwa sababu ya maumivu ya kifundo cha mkono, na kwamba wahakiki wengi wanahusisha sentensi zake ndefu za baadaye na mazoea hayo. Mimi nilitumia simu, nikizungumza huku nikitembea, kisha programu ikigeuza sauti kuwa maandishi. Matokeo yalitegemea sana aina ya kazi. Mazungumzo ya wahusika yalipata uhai ambao kalamu ilikuwa hainipi. Watu walikatizana, walirudia maneno, waliacha sentensi nusu kama watu wafanyavyo. Maelezo ya mahali na hoja za makala yalitoka yamelegea, yenye viunganishi vingi na uzito kidogo, na kuyasafisha kulichukua muda mrefu kuliko kuyaandika upya. Kwa hiyo nimegawa kazi: mazungumzo nayasema, mengine nayaandika. Alama za uakifishaji naziweka baadaye, kwani kutamka mkato na nukta katikati ya ugomvi wa wahusika kunaukata mkondo wake.

Sauti inanisaidia hata zaidi upande wa pili, wakati wa kuhariri. Sura ikishatulia, naiacha kompyuta inisomee kwa sauti yake, nami nafuata kwenye karatasi iliyochapwa nikiwa na kalamu nyekundu. Mwandishi anayesoma kazi yake mwenyewe huona alichokusudia kuandika. Jicho huziba neno lililokosekana na kuruka lililorudiwa. Mashine haimhurumii. Ikisoma "alimwambia kwamba kwamba", nasikia zote mbili. Ikisoma ukurasa wenye "hata hivyo" mara nne, neno hilo linagonga sikio mpaka natamani kulifuta lote. Makosa ya upatanisho wa kisarufi pia hujitokeza wazi, hasa pale kiima kinapokuwa mbali na kitenzi chake: "barua alizoziandika mama yake kabla ya safari ilikuwa" hupita machoni kwa urahisi, lakini sikioni haipiti.

Kuhusu ratiba nitasema machache. Mwandishi wa riwaya wa Kiingereza wa karne ya 19, Anthony Trollope, aliandika alfajiri kabla ya kwenda kazini katika idara ya posta, saa yake ikiwa mbele yake, akijitaka maneno 250 kwa kila robo saa. Naheshimu nidhamu hiyo, lakini hesabu ya maneno ilinifanya niandike maneno mengi badala ya maneno yanayofaa. Mimi najiwekea lengo la tukio: leo nitamfikisha mhusika mlangoni. Asubuhi ni ya kuandika kipya, alasiri ni ya kuhariri, na kazi hizo mbili sizichanganyi tena.

Zana za akili unde nimezipa nafasi finyu. Nazitumia kunionyesha jina la mhusika lililoandikwa kwa namna mbili, au tarehe zinazogongana kati ya sura mbili. Siziombi sentensi. Sababu ya kwanza ni kwamba kutafuta sentensi ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda. Sababu ya pili ni ya uwazi kwa wasomaji na wauzaji: tangu mwaka 2023 Amazon inawataka wanaochapisha vitabu kupitia huduma yake ya Kindle waitaarifu iwapo maandishi yametungwa na akili unde, na inatofautisha hali hiyo na ile ya zana iliyosaidia kusahihisha kazi ya mwandishi. Tofauti hiyo naiona ya haki, na nataka kubaki upande ambao hauhitaji maelezo marefu.

Daftari sijaliacha. Mpango wa riwaya bado nauchora kwa kalamu, kwa mishale na duara, kwa kuwa kwenye skrini kila wazo huonekana limekamilika kabla halijakomaa. Vilevile sijabadilisha namna ninavyopokea kazi ya mhariri wangu. Yeye hurejesha hati ya docx yenye masahihisho yanayoonekana pembeni, na ingewezekana kuyakubali yote kwa mbonyezo mmoja. Badala yake nafungua faili ya tukio husika na kuyaingiza moja baada ya jingine kwa mkono wangu, nikisoma sentensi ya kabla na ya baada, na mara nyingine nikimwandikia kumuuliza kwa nini. Hatua hii inachukua jioni kadhaa kwa kila sura, na jioni hizo naziweka kwenye ratiba tangu siku ninapomtumia mswada.