Siku yangu studio na Wavel Ramkalawan wa Shelisheli

Saa 12 asubuhi. Niko kwenye mwendokasi kutoka Kimara, masikioni nasikiliza mjadala wa zamani wa Bunge la Shelisheli. Wanazungumza Krioli, nami nakishika nusunusu kwa Kifaransa changu cha sekondari. Makala yangu ya redio kuhusu Wavel Ramkalawan, mpinzani wa miaka mingi aliyekuja kuwa rais wa Shelisheli, inaruka leo saa 1 usiku na bado sijapata mwanzo wake.

Saa 2. Kikao cha wahariri. Bosi anauliza kwa nini msikilizaji wa Temeke ajali habari za mbunge wa nchi yenye watu kama laki moja tu. Namwambia habari zenyewe ziko kwenye hesabu ya viti. Mwaka 1993, uchaguzi wa vyama vingi uliporudi, muungano wa upinzani aliokuwamo kasisi huyu wa Kianglikana ulipata kiti kimoja, chama tawala 28. Mwaka 1998 vikawa vitatu, naye akawa Kiongozi wa Upinzani. Mwaka 2002, 11. Mwaka 2007, 11 tena. Mtu anakaa bungeni miaka yote hiyo akijua kila kura atashindwa, na bado anasoma miswada, anauliza maswali. Kwangu mimi huo ndio ubunge. Bosi akaniachia dakika 15.

Saa 3 hadi saa 5. Naandika. Kipande cha Oktoba 2006 kimenichukua muda mrefu kuliko vyote, labda kwa sababu ya kazi yangu. Serikali ilipeleka muswada wa kuzuia vyama vya siasa na taasisi za dini kumiliki redio. Watu wakaandamana nje ya Bunge, polisi wakawatawanya, na Ramkalawan akajeruhiwa kichwani. Kiongozi wa Upinzani, nje ya jengo anamofanyia kazi! Nimeandika aya hiyo mara kadhaa ili isigeuke hotuba.

Saa 5 na nusu. Simu kwa mzee mmoja aliyewahi kupelekwa kule na jeshi letu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka ya mamluki?"

Ndiyo, nayataka. Baada ya mapinduzi ya France-Albert René ya Juni 1977, Tanzania ilipeleka askari kumlinda, na askari hao walikuwapo wakati mamluki wa Mike Hoare walipovamia uwanja wa ndege Novemba 1981. Lakini nimemuuliza pia kuhusu upande wa pili: utawala tulioulinda ndio ule wa chama kimoja ambao Ramkalawan alikuja kuupinga. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Sisi tulitumwa, mwanangu. Weka yote mawili." Nimeyaweka.

Saa 7. Wali maharage, haraka.

Saa 8. Studio. Fundi mitambo anasimamisha rekodi na kuniomba nirudie tarakimu polepole. Desemba 2015, duru ya pili ya urais: James Michel, rais aliyekuwapo, kura 31,512, Ramkalawan 31,319. Tofauti 193, watu wanaoenea kwenye mabasi matatu ya mkoani. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Wakati huo hakuwa hata mbunge, maana chama chake kilisusia uchaguzi wa Bunge wa 2011, uamuzi ambao naona uliwagharimu sana. Septemba 2016 muungano wake ukachukua viti 19 kati ya 33.

Saa 10. Bosi anataka nikate habari ya Assumption, kisiwa cha Shelisheli. Nimekataa. Mwaka 2018 India ilikuwa imetia saini makubaliano ya kujenga kituo cha kijeshi huko, na viti vile 19 vikakataa kuyaridhia. Ukikata hapo, msikilizaji atadhani mtu huyu alikuwa anasubiri Ikulu tu. Tumekubaliana nipunguze ya mamluki.

Saa 1 usiku. Hewani. Ushindi wa Oktoba 2020, asilimia 54.9, kwa mara ya kwanza tangu 1977 upinzani kushika dola, tumeupitia haraka. Kushindwa kwake na Patrick Herminie Oktoba 2025 pia.

Saa 2 na nusu. Ujumbe wa wasikilizaji unaingia. Wengi wanauliza kile kile: aliwezaje kurudi bungeni 2016 baada ya kukosa urais kwa kura 193? Bosi amesoma kadhaa, kisha akaniambia wiki ijayo nitengeneze ya Paul Bérenger, aliyeingia Bunge la Mauritius mwaka 1976. Dakika 20 safari hii.