Atamwomba Nani Maji?

Tangu turejee kutoka Ahero nimekuwa nikiyarudia maneno ya nyanya mmoja nikikunja nguo za watoto, nikikagua madaftari yao jioni, na hata juzi katikati ya kikao ambamo bodi ya makao yetu ya watoto iliamua kwamba bweni la pili lifungwe ifikapo mwisho wa mwaka. Habari ya bweni ni nzito na nitaiandika siku yake. Kwa sasa siwezi, maana swali la nyanya wa kijana ninayemwita mwenye kuku bado limenikaa kooni.

Wasomaji wa siku nyingi wanamjua mwenye kuku. Ndiye aliyeletwa hapa Nakuru akiwa na miaka mitatu, baada ya mama yake, aliyekuwa kibarua katika mashamba ya maua ya Naivasha, kufariki bila mwenzake yeyote kazini kujua kwao ni wapi hasa. Sasa ana miaka kumi na mmoja. Ilichukua muda mrefu, barua za machifu na subira ya afisa wa watoto, mpaka tukampata nyanya yake katika nyanda za Kano karibu na Ahero, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, akiwa mzima na akiwa ameombolezea binti na mjukuu kwa pamoja. Jumamosi tulipanda gari alfajiri kumrudisha kwao, tukapita Mau Summit, Kericho na Awasi, na kijana hakulala hata kidogo njiani.

Tulipokelewa vizuri mno. Majirani walikuwa wameleta viti, kuku alikuwa jikoni, na nyanya alimshika mjukuu wake mashavu kwa mikono miwili akamtazama kwa muda mrefu pasipo kusema neno. Baadaye tukiwa tumekaa, kijana aliona kiu. Mtungi ulikuwa pembeni mwa mlango, kikombe juu ya kifuniko chake, na yeye ndiye aliyekuwa karibu nao kuliko sisi sote. Alisimama, akaupita mtungi, akaja hadi kwangu na kusema kwa sauti ya chini, kama anavyosema kila siku, "Anti, naomba kunywa maji."

Nyanya alisikia. Aliniuliza, "Anakuomba wewe maji yangu?"

Nikamwambia kwamba ndivyo walivyozoea kule, na kwamba ni adabu tu.

"Na wewe ukirudi Nakuru, atamwomba nani?"

"Atazoea, nyanya."

"Sikuuliza kama atazoea, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Aliinuka mwenyewe, akachota, akampa, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua na bei ya mchele. Mimi nilibaki palepale, na kwa kweli ningali palepale.

Kanuni ile ya maji naijua ilikotoka, kwa sababu nilikuwepo ilipowekwa. Maji ya kisima chetu, kama ya visima vingi vya Nakuru na bonde hili lote la ufa, yana floraidi nyingi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona kuwa salama. Mtoto akiyanywa miaka ile ambayo meno ya ukubwani yanajiunda ndani ya ufizi, meno hayo huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosugulika, na floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Kwa hiyo maji ya kuoga na kufulia tunayatoa kisimani moja kwa moja, lakini ya kunywa hupita katika chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, aina ile ambayo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imefanya kazi kubwa kuieneza. Chujio hilo hutoa maji polepole sana. Watoto arobaini wakijichotea watakavyo, pipa hukauka kabla ya saa sita, na mwenye kiu ya alasiri huenda kwenye bomba la kisima. Ndiyo maana anayetaka maji ya kunywa huomba. Ningeambiwa leo nianze upya, kanuni hiyo ningeiweka tena, kwa sababu nimeyaona meno ya watoto waliotutangulia, na nimeona wasichana wazuri wakicheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja.

Sina ugomvi na kanuni, basi. Kinachonichoma ni kwamba mtoto alimpita mwenye maji. Kwa miaka minane tulimfundisha kwamba kila kitu kina mtu mzima anayekitunza na anayekigawa, na mtu huyo amevaa aproni ya kijani. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, ule wa mwaka 2022 hadi 2032, unataka watoto watoke katika makao kama yetu warudi katika familia, nami naunga mkono jambo hilo kwa moyo wangu wote. Tulifanya yote yanayotakiwa: tulikagua mahali pa kulala, choo, umbali wa shule, afya ya nyanya na kipato cha mjomba. Lakini katika fomu zote nilizojaza sikukutana na mstari unaouliza kama mtoto anajua kwamba anaweza kujifunulia mtungi.

Nimeshajitungia majibu mengi ambayo ningempa nyanya. Ningemwambia, "Atakuomba wewe." Usiku nilipolifikiria jibu hilo niliona kwamba nalo lingemkosea, kwani hakutaka kuombwa na mtu.

Alhamisi jioni simu ililia, namba ya mjomba. Alikuwa nyanya, na alikuwa amekasirika kwelikweli. Mwanangu, alisema, kijana huyu amemhamisha kuku wake aliyekuwa akiatamia, amemtoa chini ya kitanda na kumpeleka kwenye banda alilojijengea kwa mabati ya zamani, bila kumuuliza mtu, na sasa kuku amekataa kuyalalia mayai na yote yatakuwa viza. Nyuma yake niliisikia sauti ya kijana ikibisha kwamba chini ya kitanda kuna utitiri, na kwamba kuku atarudi kwenye mayai giza likiingia. Alikuwa akimjibu nyanya yake! Hapa hakuwahi kubishana nasi hata mara moja. Niliomba nizungumze naye, nyanya akamwita, akaita tena, kisha akaniambia kwamba ameshakimbilia kwa watoto wa jirani. Nilikaa na ile simu mkononi nikicheka na kulia kwa pamoja, mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna msiba gani.

Usiku huo nililala vizuri, ila leo asubuhi nimemwona mpishi wetu akipepeta mchele akiwa ameketi, yeye ambaye huwa haketi kabla ya chakula cha mchana, na miguu yake imevimba hadi viatu ameviacha wazi nyuma. Anasema ni uchovu. Mwezi uliopita alisema vivyo hivyo kuhusu kichwa. Nimemwomba mume wangu ampitie Jumatatu mapema ampeleke kliniki mwenyewe akapimwe shinikizo la damu, kwa sababu akiachwa aende peke yake ataanzia soko la Wakulima kutafuta mboga za watoto, na kliniki hatafika.