Ndiyo maana nimekuja

Leo siku ya nne na bado inanisumbua. Yule mama wa Msangamkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini, mwanafunzi wangu wa hesabu katika darasa la watu wazima, alivuka na pantoni Jumanne jioni akanikuta nafunga darasa. Daftari kalikumbatia. Hata shikamoo sikumpa. Nikamwambia, "Mama, wewe mtu mzima, jaribu kujisimamia."

Akanitazama kidogo. "Nimejisimamia, mwalimu. Ndiyo maana nimekuja."

Mnada wa korosho umepita, mdogo wangu kapata uhamisho wa Tunduru, umeme umekatika usiku mara tatu, mimi bado niko na hiyo "ndiyo maana".

Swali alilolileta ni la Mtihani wa Maarifa, ule wa kumruhusu aliye nje ya shule kufanya mtihani wa kidato cha nne: 5 − (x − 3) = 2. Alifungua mabano akaandika 5 − x − 3, akapata x = 0. Kosa la kila mwaka hilo. Alama ya kutoa iliyo nje hugeuza kila kilichomo ndani, ila mkono huigeuza x ukaisahau 3. Ilitakiwa 5 − x + 3, yaani 8 − x = 2, na x ni 6. Lakini tazameni alichofanya baadaye. Aliirudisha sifuri kwenye swali, akapata 8 badala ya 2, akaandika pembeni kwa penseli: "siyo". Akajaribu upya. "Siyo". Mara ya tatu akapiga mstari chini ya mabano, akaweka alama ya kuuliza. Alijua amekosea, akajua amekwamia wapi, ndipo akapanda pantoni.

Barry Zimmerman, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alieleza kujisimamia kimasomo kama mzunguko wa hatua tatu: kupanga, kujichunguza ukiwa kazini, kujipima ukishamaliza. Mwaka 1986 yeye na Manuel Martinez-Pons waliorodhesha mbinu 14 za wanafunzi wa sekondari, na kuomba msaada kwa wenzao, walimu na wakubwa kumo. Ile hojaji ya Chuo Kikuu cha Michigan ya mwaka 1991 ya Paul Pintrich na wenzake, ya kupima mtu anavyojisomea, yenye sentensi 81 za kujipa alama 1 hadi 7, ndiyo iliyonimaliza. Mojawapo inasema, kwa maana yake, kwamba hata nikishindwa najitahidi peke yangu bila msaada wa mtu. Ukijipa 7 hapo, wakati wa kuhesabu inageuzwa kuwa 1. Yaani nilichomhimiza mama wa watu ndicho kinachomshusha! Nilicheka peke yangu jikoni.

Kuanzia hapo nikachangamka, nikawa na hamu ya kugombana na wanaozipanga nchi juu na chini kwa wastani wa alama za hojaji kama hizo: hawa wanajisimamia, wale mpaka washikwe mkono. Utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha wanafunzi wa Japani na Taiwan huchagua alama za katikati zaidi kuliko wa Marekani na Kanada. Mtu akijiwekea 4 kwa staha na mwingine 7 kwa kujiamini, hapo umepima nini?

Na ratiba ya kujisomea niliyowagawia wanafunzi je? Saa tatu asubuhi, kila siku, saa nzima. Ratiba ya mtu wa ofisini. Kupwa na kujaa kwa bahari huchelewa kama dakika 50 kila siku, na bamvua ikifika, maji yanapopwa sana, mwandamo au mwezi mpevu, asubuhi kina mama wako miambani wanatafuta pweza. Nimeifuta. Natumia "ikiwa hivi, basi hivi" ya mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, kazi ifungwe kwenye tukio badala ya saa: "Nikishasuuza ndoo ya pweza, nakaa kibarazani, nafanya hesabu tatu." Tukio liwe moja na lionekane, "nikipata nafasi" siyo tukio, ndiyo maana huwa haifiki. Siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, hesabu ziwe sita.

Kabla ya kufungua majibu, kila mtu aandike anadhani kapata ngapi kati ya 10. Aliyeandika 9 akapata 4 afunge kitabu ajiulize upya, asirudie kusoma tu. Kusoma tena huyafanya maneno yazoeleke machoni, mtu akadhani anajua.

Na anayekuja kuuliza aje na mstari aliokwamia; nami nampa dokezo la mstari mmoja, jibu atalitafuta. Anayeleta ukurasa mtupu na "sielewi yote" bado nitamrudisha, ila kwa adabu.

Kesho navuka mimi. Shikamoo kwanza, mabano baadaye.