Nilianza kuhesabu magari Igawilo, sasaivi nahesabu nafasi

Mwanangu kaanza darasa la kwanza mwaka huu na shule yake iko ng'ambo ya lami. Sisi tunakaa Igawilo, kwa msioijua Mbeya ni hivi, ukitokea Dar ukishafika Uyole unaiacha barabara kuu inayoenda mjini mpaka Tunduma, unakata kushoto kama unaenda Tukuyu na Kyela, mbele kabisa ndo Kasumulu mpakani na Malawi. Ndizi na chai na maparachichi ya Rungwe yanapita hapa, malori ya mizigo ya Malawi yanapita hapa, kosta, noah, bajaji, bodaboda wenye mikungu mitatu nyuma, wote lami hiyo hiyo ya njia mbili.

Kila asubuhi namshika mkono tunasimama pembeni na mi namwambia bado, bado, bado... sasa! Siku moja tukasimama mpaka nikageuka nyuma nikakuta watoto wengine watano wamejipanga wananisubiri na wao, wengine hata siwajui wazazi wao, wadogo kabisa, na nikajiuliza siku ambazo mi sipo hawa wanavuka vipi. Nikalipeleka kwenye kikao cha mtaa. Watu wakasema magari ni mengi, mwenyekiti akauliza mengi kiasi gani, tuandike nini kwenye barua? Hakuna aliyejibu. Hata mi sikuwa na jibu.

Sasa mi ni fundi wa redio na simu, na ndani nilikuwa na Arduino Uno, kale ka-bodi kadogo ka kompyuta unakokaandikia programu mwenyewe, niliyoagiza Kariakoo zamani ikaja na basi, nikaona hii kazi inawezekana. Sensa ya mwanga niliitoa kwenye ile swichi ya taa ya nje inayojiwasha yenyewe giza likiingia, ukiifungua ndani unakuta LDR, kile kiduara chenye mistari ya kujikunja kunja. Mwanga ukiipiga ukinzani wake unashuka hadi omu mia kadhaa, gizani unapanda hadi omu milioni na zaidi. Unaiunga mfululizo na rizista kati ya volti 5 na ethi, LDR upande wa volti 5, pale katikati zinapokutana unatoa waya kwenda mguu wa A0 wa Arduino, na Arduino inakusomea namba kuanzia 0 mpaka 1023, kila hatua moja ni kama milivolti 5 hivi. Gari likipita kivuli kinaingia, namba inashuka, unahesabu moja. Kwenye karatasi imeisha.

Jaribio la kwanza niliilaza LDR pembeni ya lami inaangalia juu. Wanaoijua Uyole wanajua mawingu ya huku, jua linatoka dakika mbili linafunikwa, kwahiyo kila wingu likawa gari. Ukungu nao ukishuka namba inateremka taratibu hadi chini ya ule mstari niliouweka kwenye programu na mashine inabaki inaona gari moja refu la nusu saa.

Rafiki zangu wote wakaniambia weka leza, unatega mwali ng'ambo, gari likiukata umehesabu. Ni kweli inafanya kazi vizuri sana na vile vileza vyekundu vya miliwati 5 ni bei rahisi. Lakini niambieni, mwali wa kukata bampa la gari unakaa urefu gani kutoka chini? Ndo urefu wa macho ya mtoto wa darasa la kwanza. Na mtoto akiona taa nyekundu inawaka lazima aitazame. Mi kazi yote hii naifanya kwa ajili ya hao hao watoto, nikaikataa leza moja kwa moja na mpaka leo naona nilikuwa sahihi.

Nilichofanya ni bomba. Bomba la plastiki la maji la nusu inchi, urefu sentimita 30, ndani nimelipaka rangi nyeusi ile ya ubao wa shule, LDR iko mwisho kabisa, bomba linaangalia ng'ambo ya barabara kwenye kibao nilichokipaka chokaa. Sasa sensa haioni anga tena, inaona kibao tu, na gari likikatiza inaliona gari badala ya kibao. Kibao nilikipigilia kwenye uzio wa bibi mmoja anayeuza viazi pale. Nikamwamkia shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikamweleza, akauliza "hicho hakipigi picha?" Nikamwambia hapana bibi, hakijui hata rangi ya gari, kinajua mwanga umebadilika basi. Akasema "haya, ila usinizibie viazi vyangu."

Lakini ile kwamba hakijui rangi ndo shida yenyewe pia. Noah nyeupe mbele ya kibao cheupe namba haishuki, wakati mwingine inapanda kabisa kioo kikirudisha jua. Kwahiyo nikaacha kuuliza "imeshuka?" nikawa nauliza "imebadilika?", juu au chini sijali. Imebadilika kutoka wapi? Kutoka kwenye wastani ambao mashine yenyewe inautunza, kila ikisoma inausogeza wastani kidogo sana kuelekea namba ya sasa, kwahiyo wingu likija polepole wastani unalifuata na hakuna anayehesabiwa, gari likija ghafla wastani unaachwa nyuma na hapo ndo tunahesabu. Muhimu, gari likiwa mbele ya bomba wastani usimamishwe, usiposimamisha mashine inalizoea lori inaliona ndo hali ya kawaida afu likiondoka inahesabu mara ya pili. Na muhimu zaidi usiusimamishe milele, maana siku ya pili kosta ilikuja ikapaki pale pale kwenye bomba kushusha abiria na mizigo ikakaa, mwanga wa nje ukabadilika, ilipoondoka mashine haikurudi tena kwenye akili yake mpaka niizime niwashe. Nimeweka sekunde 20, zikipita wastani unaanza upya.

Asubuhi ndo pamenitesa kuliko pote, na asubuhi ndo ninayoitaka. Mbeya jua linachelewa kuliko Dar, saa zetu ni moja lakini sisi tuko magharibi, mwezi wa 6 na wa 7 huku linachomoza karibu saa 1 kamili wakati watoto wameshakuwa njiani muda mrefu. Kwenye mwanga ule hafifu LDR ndani ya bomba inakaa kwenye mamia ya maelfu ya omu, na kwa rizista ya kilo-omu 10 niliyoanza nayo gari likipita namba inatikisika hatua chache tu, hujui ni gari au ni waya umetikiswa na upepo. Nikaweka ya 47 na mabadiliko yakaonekana. Mchana inabana kidogo kwa upande wa juu ila kwa kuwa bomba linaona kibao na sio jua lenyewe bado inasoma. Na alfajiri madereva wamewasha taa, mwanga wa taa unakipiga kibao kabla gari halijafika, kwahiyo namba inapanda kwanza afu inashuka. Nilikuwa nahesabu gari moja mara mbili hapo, nikaambia programu mabadiliko yakigeuka upande bila kutulia kwanza kwenye wastani ni gari lile lile.

Umeme nao, pawabenki haifai jamani, msihangaike. Uno inakula kama miliampia 50 tu, pawabenki inadhani simu imeshajaa inajizima. Nimeweka betri ya volti 12 ampia-saa 7, siku nne inasukuma bila wasiwasi.

Halafu matrela. Kati ya kichwa cha lori na trela kuna uwazi kama wa mita moja, na kwenye uwazi ule bomba linakiona kibao, lori moja linakuwa magari mawili. Dawa rahisi ni kusema uwazi mfupi kuliko milisekunde 150 usihesabiwe, na kwa gari la kilomita 60 kwa saa ni sawa kabisa, maana linakwenda karibu mita 17 kwa sekunde na uwazi wa mita moja ni milisekunde 60. Ila lori lililobeba na linapanda mlima linakwenda kilomita 10, hapo uwazi ule ule unakuwa milisekunde 360. Ukiongeza muda unameza bodaboda zinazofuatana, ukipunguza unagawa malori. Huwezi kujua mpaka ujue mwendo. Ndo nikaongeza bomba la pili, mita 2 kutoka la kwanza, unagawa mita 2 kwa muda wa kutoka bomba moja hadi lingine unapata mwendo, mwendo ukizidisha na muda ambao bomba limezibwa unapata urefu wa chombo. Chini ya mita 3 ni bajaji au bodaboda, zaidi ya 12 ni lori au basi. Linalotangulia kuzibwa linakwambia pia upande linakoelekea. Na mtu anayetembea, ambaye kwa bomba moja anafanana kabisa na gari dogo, anatumia zaidi ya sekunde nzima kumaliza mita 2, chochote cha chini ya kilomita 7 kwa saa nakitupa. LDR ni nzito, inachelewa milisekunde 20 mpaka 30 kuitikia, ila zote mbili zinachelewa karibu sawa kwahiyo kwenye kutoa zinafutana kiasi kikubwa. Mwenye fototransista, sensa nyingine ya mwanga, atumie hiyo, inaitikia haraka zaidi.

Nikafurahi nikajua nimemaliza. Nikakaa na bibi jioni nusu saa, yeye kashika bakuli la maharage, kila chombo kikipita anatupia punje moja kwenye sufuria. Mwisho tukahesabu punje, punje 131. Mashine ilisema 112.

Iliniuma kweli, nililala naiwaza. Kesho yake nikarudi kuangalia tu kwa macho na nikaona, ni magari yanayopishana. Lori linatoka Tukuyu, kule ng'ambo yake bodaboda inaenda Tukuyu, zinapita mbele ya bomba kwa wakati mmoja na bomba linaona kitu kimoja. Hapo hakuna programu ya kukuokoa, mwanga ukishazibwa umezibwa, barabara ya njia mbili kwa sensa moja inayotazama ng'ambo lazima ipoteze magari, na kadiri yanavyokuwa mengi ndo inavyopoteza zaidi. Ningetaka kuhesabu sawasawa ingebidi nipate sensa ya kuangalia kila njia peke yake kutoka juu, au zile nyaya za koili zinazofukiwa chini ya lami, na lami sio yangu.

Nikawa nimefungua faili la memori kadi kwenye laptopu nalitazama bila hamu. Kila mstari una saa ya kuanza kuzibwa na saa ya kuachiwa, nilizichukua kwenye kile kisaa cha DS3231. Nikatoa saa ya kuachiwa kwenye saa ya kuzibwa inayofuata, nikapata safu ya namba mpya: sekunde 2, sekunde 1, 4, 2, 1, 3, 11, 2... Nikaisoma kwa sauti nikasikia maneno yangu mwenyewe ya kila asubuhi. Bado, bado, bado, bado, bado, bado, sasa, bado.

Mtoto hajali magari yamepita mangapi! Mtoto anahitaji nafasi. Na kwa nafasi lile tatizo la kupishana halipo, maana lori na bodaboda zikipita kwa pamoja kwa mtoto zote ni kitu kimoja, barabara imefungwa, na mashine inasema hivo hivo imefungwa. Ile sensa haikuwa mbovu, mi ndo nilikuwa naiuliza swali la watu wa takwimu.

Tukapima. Lami kwa futi kamba ni mita 7 kasoro kidogo. Jumapili alfajiri barabara ikiwa tupu nikamvusha mwanangu akitembea mwendo wake na begi lake mgongoni, mara tano, simu mkononi, kila mara kama sekunde 8. Ukiongeza ya kuangalia huku na huku ni 10. Kwahiyo nafasi ya sekunde 10 kwenda juu ndo nafasi, chini ya hapo sio nafasi, ni kishawishi, na kwa kilomita 60 kwa saa sekunde 10 ni gari lililoko mita 167 mbali ambalo mtoto analiona dogo.

Nikaacha mashine siku nne, kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 1 na nusu asubuhi. Kuna asubuhi moja zilipita dakika nne nzima bila nafasi hata moja ya sekunde 10. Dakika nne kwa mtoto wa miaka sita anayeogopa kuchelewa namba. Zile za sekunde 5 mpaka 7 zilikuwepo nyingi tu, na hizo ndo ninazoziogopa, maana mtu mzima anavuka vizuri na mtoto anamuona mtu mzima kavuka.

Nimezichora kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, mstari mmoja kwa kila dakika, penye nafasi nimepaka kijani, pasipo na nafasi nimeacha nyeupe. Mwenyekiti aliishika akaiangalia muda mrefu, hakuniuliza ni magari mangapi, aliuliza "huu weupe wote ni wa saa ngapi?" Itaambatanishwa kwenye barua ya kuomba matuta na kivuko cha pundamilia. Huku wazazi tumegawana zamu, wawili kila asubuhi, watoto wanakusanyika kwenye viazi vya bibi wanavuka kundi moja kwenye nafasi moja badala ya kila mmoja kutafuta yake.

Shule zikifunguliwa mwezi wa 7 narudisha mabomba pale pale, nataka nafasi za kwenye giza lile la saa 12 na nusu, maana hizi nilizonazo ni za mwezi wa 3. Rangi ya ubao imebaki nusu kopo. Mtu wa Ipogolo au Makambako au popote lami inapopita mbele ya shule akitaka programu nampa yote jinsi ilivyo, aniandikie hapo chini.