Pareto ya Molo, neti za Asembo na mkemia anaitwa Michael Elliott

Wiki jana nilikuwa najaza fomu ya kuomba kazi ya utafiti, nikafika mahali wanauliza h-index yako ni ngapi. Kama hujawahi kukutana nayo, ni hesabu iliyoletwa na Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na 10, ina maana uko na pepa 10 ambazo kila moja imetajwa na wengine angalau mara 10. Nikajaza, nikaendelea, lakini usiku sikulala vizuri, nilikuwa namfikiria mkemia mmoja ambaye hiyo hesabu haiwezi kueleza kazi yake yote.

Mimi nimelelewa na shosho huku juu Molo, na shosho alikuwa mtu wa pareto. Kila baada ya wiki mbili hivi tunaingia shambani umande haujakauka, unapitisha vidole viwili chini ya ua unang'oa kichwa peke yake, kikonyo unaacha, ju dawa haiko huko, iko kwenye vile vijimbegu vidogo ndani ya ua. Jioni ukinusa mikono bado ni pareto tu. Hiyo dawa inaitwa pairethrini, na waliochapisha umbo lake ni Staudinger na Ruzicka mwaka 1924, wote wawili baadaye wakapata Nobel kwa kazi zingine. Shida ya pairethrini ni jua. Inaangusha mdudu haraka sana lakini ukiiacha nje kwenye mwanga inavunjika, kwa hivyo ndani ya nyumba ilikuwa sawa, shambani haikukaa.

Sasa yule mkemia wangu, Michael Elliott, aliingia kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted kule Uingereza mwaka 1948 akaanza kushughulika na hiyo molekuli, na hakuiacha. Alikuwa anabadilisha kipande kimoja, wenzake wataalamu wa wadudu wanajaribu, anabadilisha kingine. Mwaka 1967 wakatoa bioresmethrini, kali kuliko ile ya maua, lakini jua bado likaishinda. Halafu 1973 yeye na wenzake wakachapisha kwenye jarida la Nature kile walichokuwa wanatafuta, permethrini: molekuli ina pande mbili, asidi na alkoholi; upande wa asidi wametoa methili mbili (vipande vidogo vya kaboni na haidrojeni) wakaweka klorini mbili, upande wa alkoholi wakaweka pete mbili za benzini zilizoshikwa pamoja na oksijeni. Hiyo ikakaa juani. Mwaka uliofuata ikaja deltamethrini, yenye bromini na siano (kipande cha kaboni na nitrojeni), kali zaidi. Hebu hesabu, kutoka 1948 hadi 1973 ni miaka 25 kwa ua moja! Leo nani angempa mtu miaka 25 hivyo, na kila mwaka anaulizwa pepa ngapi?

Na kuna kitu kuhusu saitesheni, yaani huko kutajwa na wengine, ambacho naona watu hawakisemi vya kutosha. Ugunduzi ukishaingia kabisa mikononi mwa watu, wanaacha kumtaja aliyeuleta. Mwanasosholojia Robert Merton aliliona hili zamani. Ukiandika leo kwamba neti ya mbu imetiwa permethrini, nani anakuuliza umetoa wapi? Jina la dawa limemeza jina la mtu. Kwa hivyo kadiri kazi inavyoenea ndivyo hesabu inavyoacha kuiona, na hiyo inaniuma.

Mke wangu ni wa Asembo, kule Siaya. Mwishoni mwa miaka ya tisini kulifanywa utafiti mkubwa Asembo na Gem, vijiji vingine vikapewa neti zilizotiwa permethrini, vingine vikasubiri. Matokeo yalichapishwa 2003: vifo vya watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi chini ya miaka 5 vilipungua kwa takriban asilimia 16. Mama mkwe anakumbuka wakiloweka neti kwenye beseni, wanazianika kivulini, kisha zinarudi juu ya kitanda cha watoto. Nikimsikiliza naona zile klorini mbili.

Lakini siwezi kuandika haya nikaacha upande wetu. Dawa za kiwandani zilivyozidi kuwa nyingi na bei rahisi, ua letu lilipoteza sehemu ya soko, na hapo ongeza pesa kuchelewa, shosho alikuwa anapeleka maua anangoja malipo hadi anachoka. Mwishowe akang'oa pareto akapanda viazi. Si Elliott aliyechelewesha pesa ya shosho, hilo nalijua. Bado kazi yake ilifika pale shambani pia, na sijaona fomu yenye nafasi ya kuandika hilo.

Jumapili nilimweleza shosho hii hadithi yote, Rothamsted, klorini, neti za Asembo. Akasikiliza mpaka mwisho, akafurahia sana wale watoto, akarudia mara mbili, "walipona?" Nikamwambia wengi walipona. Akanyamaza kidogo halafu akauliza, na hayo maua aliyoanza nayo huyo mzungu, yalitoka shamba la nani?