Shuu shuu kichwani baada ya ajali ya boda, nilivyotibiwa

Mwaka jana lori lilinigonga nikiendesha boda barabara ya Tororo kwenda Busia, kichwa kikapiga lami. CT, ile picha ya mashine ya ndani ya kichwa, ya siku ile ilionyesha fuvu limepasuka kidogo upande wa chini ila damu haijavujia kwenye ubongo, siku ya nne nikaruhusiwa nikajua yameisha.

Baada ya wiki mbili hivi ikaanza sauti, shuu, shuu, shuu, inafuata mapigo ya moyo, mchana na kelele za steji siisikii sana lakini usiku hailali na mimi silali. Halafu jicho la kulia likawa jekundu, vimishipa vimejipinda mpaka karibu na mboni, likaanza kutokeza nje, na nikitazama kulia naona lori moja kama mawili. Kliniki moja wakanipa matone ya kutibu macho mekundu, wiki tatu natia tu hakuna kitu.

Aliyegundua ni mke wangu. Usiku umeme umekatika, kimya kabisa, akaweka sikio juu ya kope langu akatulia, akasema, "Baba Shadia, mbona hata mimi naisikia?" Kesho yake tukapanda basi mpaka Kampala, nikamwomba daktari wa macho aweke kile chombo cha kusikilizia moyo hapo hapo juu ya jicho. Alisikiliza, akapiga simu papo hapo.

CT ya mishipa ikasema fistula ya karotidi na kavenasi, yaani mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo umechanika pale unapopita nyuma ya jicho, damu yenye presha inaingia kwenye njia ya damu inayorudi na kulisukuma jicho. Ya ajali kama yangu ni nadra ijifunge yenyewe, na ukichelewa jicho linaweza kupofuka.

Matibabu nikafanyiwa Nairobi, ukoo ulichanga, kaka akauza ng'ombe zake mbili, sitasahau. Kichwa hawakufungua, waliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena wakaupandisha mpaka juu wakaziba na koili, yaani vijiwaya vyembamba vya platinamu vilivyojikunja. Nilipozinduka kitu cha kwanza nilisikiliza. Kimya. Nikalia.

Wekundu uliisha ndani ya wiki chache, kuona mbilimbili ndio kulichelewa maana neva inayogeuza jicho inapona polepole, nilifunika jicho moja kama miezi minne ndio nikashika tena pikipiki, na mpaka leo usiku mama Shadia bado ananiwekea sikio.